Friji ya mtumba ya bei poa: hatua kwa hatua, kuanzia sokoni hadi igandishe bila "ongeza gesi" ya kila mwezi

Malalamiko huja kwa sura moja. Friji imenunuliwa kwa nusu ya bei ya dukani, imefika nyumbani, imegandisha siku nne, imeacha. Fundi kaja, kaongeza gesi, ikagandisha wiki mbili, ikaacha tena. Kufikia mara ya tatu, pesa iliyookolewa sokoni imeshaliwa yote, na maziwa yamemwagwa juu yake.

Shina la tatizo ni neno "imeisha gesi". Gesi ya friji haitumiki ikaisha kama mtungi wa jikoni. Inazunguka ndani ya bomba zilizofungwa, na ni ileile tangu kiwandani. Ikipungua, kuna tundu. Kuongeza gesi bila kutafuta tundu ni kujaza maji kwenye ndoo iliyotoboka. Na mara nyingi gesi wala haina kosa, ila tu ndiyo inayosingiziwa kwa sababu hakuna anayeiona.

## Vitu vya kuwa navyo

- Tochi, kitambaa cheupe kikavu na karatasi nyepesi (noti inafaa).
- Thermomita ya friji, inayosoma angalau kuanzia -30 hadi 40.
- Multimita ya kawaida. Ya bei ndogo inatosha.
- Chupa 4 za maji za lita 1.5.
- Sabuni ya maji na brashi ndogo laini.
- Bekingi soda, vijiko viwili vya chakula kwa kila lita ya maji ya uvuguvugu.
- Kinga ya friji (frijigadi) yenye kuchelewesha umeme dakika 3 hadi 5.
- Akiba ya pesa sawa na theluthi moja ya bei ya friji. Kama huna hiyo theluthi, friji hiyo bado si ya bei poa kwako.

## Hatua ya 1: Soma kibandiko kabla ya kuuliza bei

Kibandiko cha kiwandani huwa ndani, ubavuni karibu na droo ya mboga, au nyuma juu ya kompresa. Kipige picha. Mambo manne ndiyo ya kutazama.

Umeme. Tanzania na Kenya tunatumia volti 230 hadi 240, hezi 50. Friji ya Japani imeandikwa 100 V, ya Marekani 115 au 120 V na hezi 60. Hizo ndizo zinazouzwa rahisi kuliko zote, na sababu ndiyo hiyo. Utahitaji transfoma, tena si ndogo: kompresa inapoanza huvuta umeme mara tano au zaidi ya ule inaotumia ikishatembea. Friji ya wati 150 ikiwekewa transfoma ya wati 200 itaungurumia pale pale bila kuanza. Usishuke chini ya VA 1000 (VA ndiyo kipimo cha uwezo kinachoandikwa kwenye transfoma). Halafu transfoma nayo inakula umeme saa zote, hata kompresa ikiwa imepumzika, na haibadilishi hezi.

Aina ya gesi na gramu zake. Utakuta R134a au R600a. R600a hujazwa kidogo sana, mara nyingi kati ya gramu 30 na 80, na inawaka moto. Ukikuta R12, achana nayo. Utengenezaji wake ulisitishwa duniani kufikia 2010.

Herufi za hali ya hewa. Watu wengi huziruka. SN ni friji iliyoundwa kwa joto la chumba la nyuzi 10 hadi 32, N ni 16 hadi 32, ST ni 16 hadi 38, na T ni 16 hadi 43. Jiko la Dar es Salaam, Tanga au Mombasa hupita 32 kirahisi mchana wa Februari. Friji ya N ikiwekwa hapo haitakuwa mbovu, ila haitapumzika kamwe. Kwa pwani tafuta T au ST, au zenye herufi mbili kama N-T. Njombe au Limuru, N inatosha kabisa.

Namba ya friji. Iandike. Utaihitaji kwenye risiti.

## Hatua ya 2: Ikague ikiwa imezimwa na imepoa

Shika kompresa, lile pipa jeusi chini nyuma. Ikiwa ya moto, muuzaji aliiwasha kabla hujafika. Omba izimwe, rudi baada ya saa moja. Unataka kuiona ikianza kutoka baridi.

Mulika bomba zinazoingia kwenye kompresa. Moja ni fupi na limezibwa mwisho. Hilo ndilo la kujazia gesi. La kiwandani huwa limebanwa safi na rangi yake imechakaa sawa na vingine. Ukiona nozeli yenye kifuniko, chomelea jipya linalong'aa au rangi nyeusi mbichi, friji imejazwa gesi karibuni. Si lazima uikimbie, lakini swali linabadilika: tundu lilikuwa wapi, na lilizibwaje? Muuzaji asiyejua amenunua ikiwa imekauka, akajaza ili igandishe mbele yako.

Futa bomba kwa kitambaa cheupe. Mafuta kwenye kiungo yanamaanisha gesi inatoka hapo, maana gesi hutembea pamoja na mafuta ya kompresa. Friji zilizokaa pwani zikague kutu chini ya wavu mweusi wa nyuma na kuzunguka sinia la maji lililo juu ya kompresa.

Kisha ndani. Kwenye friza ya bamba la alumini, tafuta mikwaruzo ya kisu na matone ya gundi ngumu ya kijivu. Kuna aliyebandua barafu kwa kisu, akatoboa, akaziba kwa gundi. Kiraka hicho hakina dhamana ya yeyote.

Mwisho raba ya mlango. Bana karatasi kati ya mlango na fremu, funga, vuta. Fanya hivyo sehemu kumi kuzunguka mlango mzima, na mara mbili zaidi upande wa bawaba. Karatasi ikitoka bila kukamata, hewa ya moto inaingia hapo. Raba iliyolala tu hurudi kwa maji ya moto na kuvutwa taratibu. Iliyopasuka ni ya kubadilisha, na kwa modeli zisizojulikana huku inaweza kukosekana kabisa.

## Hatua ya 3: Iwashe na ukae nayo dakika 40

Hapa ndipo wanunuzi wengi hupoteza pesa, kwa kuona haya kukaa. Omba kiti. Muuzaji akisema "bosi, hii inapiga barafu, sina haja ya kukudanganya", mwambie vizuri, basi tuione pamoja.

Ikianza: mngurumo mfupi, kisha sauti tulivu. Ikiguna sekunde chache, ikalia "tak", kimya, halafu baada ya dakika moja au mbili ikaguna tena, kompresa inashindwa kuanza. Sababu ni rilei (kifaa cha kuanzishia kompresa) mbovu, umeme mdogo, au kompresa iliyokwama ndani. Ya kwanza ni rahisi, ya tatu ni kifo.

Dakika ya 5: bomba jembamba linalotoka kwenye kompresa liwe moto wa kukufanya uondoe mkono. Wavu wa nyuma uanze kupata joto kutoka juu. Friji zisizo na wavu hupasha kuta za ubavuni. Hilo ni kawaida, si ubovu.

Dakika ya 15: kama friza ni ya bamba, lowanisha ncha ya kidole, gusa bamba kwa mpigo mmoja. Kidole kinanata kidogo. Usiishie sehemu moja. Gusa pembe ya mwanzo bomba linapoingia, katikati, na mwisho kabisa. Gesi ikiwa sawa, utando mweupe wa barafu unaenea bamba zima. Ukiona nusu ya kwanza nyeupe na nusu ya pili iko tupu na vuguvugu, gesi ni pungufu au kapilari, kile kibomba chembamba kama waya, imeziba nusu. Muuzaji ataonyesha ile nusu nyeupe, na kweli ni barafu.

Angalia pia bomba nene linalorudi kwenye kompresa. Umande ni sawa. Likivaa barafu nje hadi karibu na kompresa, gesi imejazwa kupita kiasi, na kompresa ya namna hiyo haina maisha marefu.

Friji isiyoganda barafu, ile yenye feni, haina bamba la kuonekana. Bonyeza swichi ya mlango kwa kidole ili feni izunguke, weka thermomita mbele ya tundu la hewa ya friza. Kufikia dakika ya 40 iwe imeshuka chini ya sifuri na inaendelea kushuka.

## Hatua ya 4: Bei na maandishi

Punguza bei kwa kile ulichokiona, kimoja kimoja: raba, nozeli mpya, herufi N. Kisha risiti yenye namba ya friji, tarehe, na maneno "irudishwe ndani ya siku 14 isipogandisha". Siku 14 kwa sababu tundu dogo na hitilafu ya kuyeyusha barafu huchukua siku kadhaa kujionyesha. Dhamana ya siku tatu haigusi lolote kati ya hayo mawili. Waranti ya mdomo ni salamu tu.

## Hatua ya 5: Ibebe ikiwa imesimama

Kirikuu au guta, friji isimame na ifungwe kamba kiunoni, si kwenye wavu wa nyuma. Ikilala, mafuta ya kompresa huingia kwenye bomba, na ukiiwasha yanasukumwa hadi kwenye kapilari. Hapo ndipo friji iliyogandisha dukani inakataa nyumbani, na muuzaji anaapa hakukudanganya, na kweli hakukudanganya.

Ikisafiri imesimama, ipumzishe saa 4 kabla ya kuwasha. Ikilazwa hata kwa kipande cha safari, isimamishe saa 24. Ndiyo, siku nzima.

## Hatua ya 6: Iweke, ioshe, iunganishe

Acha nafasi ya sentimita 10 nyuma na 5 kila ubavu, mbali na jiko na jua la dirishani. Miguu ya mbele iwe juu kidogo ya ya nyuma ili mlango ujifunge wenyewe.

Osha ndani kwa maji ya bekingi soda. Zibua tundu la kutolea maji nyuma ya droo ya mboga kwa mrija laini, si waya. Piga vumbi la wavu wa nyuma kwa brashi. Ondoa mende kwenye chumba cha kompresa. Hupenda joto lake na huharibu viungo vya umeme.

Pima umeme wa soketi kwa multimita mara mbili: kabla ya kuwasha, na kompresa ikiwa inatembea. Ukishuka chini ya volti 200, tatizo ni nyaya za nyumba au umeme wa mtaa, na hakuna fundi wa friji atakayelitibu. Usitumie ekstensheni nyembamba. Frijigadi ni lazima: umeme ukikatika na kurudi ghafla, kompresa inaombwa kuanza huku upande mmoja wa bomba bado una presha kubwa, nayo inaguna hadi koili ziungue. Dakika chache za kusubiri zinasawazisha presha.

Ukigusa bodi na kuhisi mtekenyo wa shoti, chomoa mara moja. Usiendelee hadi waya wa ethi ya nyumba ukaguliwe.

## Hatua ya 7: Jaribio la saa 24

Weka chupa nne za maji ndani, thermomita ikiwa ndani ya glasi ya maji rafu ya kati. Joto la hewa hupanda na kushuka kila mlango ukifunguliwa. Maji ndiyo yanayosema kweli. Swichi ya kupangia ubaridi iweke katikati, usiweke chakula bado.

Mafanikio ni haya: baada ya saa 24 glasi inasoma kati ya 2 na 5, friza iko karibu na -18, na kompresa inazima na kuwaka yenyewe.

Andika pia uniti za LUKU au tokeni. Chukua usiku, vitu vingine vikiwa vimezimwa. Friji ya wati 120 isiyopumzika hata dakika itakula uniti 0.12 kwa saa, yaani 2.9 kwa siku (0.12 × 24). Ukikaribia hapo kwa friji ya ukubwa wa kawaida, inafanya kazi bila kufika inakokwenda. Angalia kwanza raba na nafasi ya nyuma, kisha ndiyo ufikirie gesi.

## Hatua ya 8: Ikigoma, pima kabla ya kupiga simu

Friza inagandisha, chini ni joto (friji ya feni). Hili ndilo linaloongoza kwa kusingiziwa gesi. Nyuma ya ubao wa friza kuna koili inayovaa barafu. Hita huiyeyusha mara kadhaa kwa siku. Hita, taima au swichi yake ya joto ikifa, barafu inakuwa ukuta na feni haipitishi hewa. Chomoa friji, fungua milango saa 24 hadi 48, weka matambara chini. Ukiiwasha ikafanya kazi vizuri kwa siku kadhaa kisha ikarudia yaleyale, umepata jibu: ni mfumo wa kuyeyusha. Yeyote atakayetoboa bomba hapo anakuharibia friji nzima kwa ajili ya hita.

Inaguna na "tak". Chomoa plagi, vua kifuniko kando ya kompresa, toa rilei. Itikise: ikilia kama njugu, imevunjika ndani, badilisha. Kisha pima pini tatu za kompresa mbili mbili, multimita ikiwa kwenye alama ya ohm. Utapata namba tatu, na kubwa iwe jumla ya mbili ndogo, mfano 12, 20 na 32. Namba ikikosekana, koili imekatika. Pini yoyote ikisoma kwenye chuma cha bodi, kompresa imeungua.

Inatembea, haipoi. Wavu wa nyuma ukiwa baridi na bamba lina barafu pembe moja tu, gesi ni pungufu au kapilari imeziba nusu. Wavu ukiwa moto kila mahali, angalia feni, vumbi na raba.

Maji sakafuni. Tundu la kutolea maji limeziba, au sinia la juu ya kompresa limepasuka. Basi.

## Hatua ya 9: Ikiwa kweli ni gesi

Simama karibu na fundi, na kabla hajafungua begi muulize mambo haya kwa mpangilio huu.

1. Tundu atalitafutaje? Jibu zuri: anasukuma naitrojeni, anapaka povu la sabuni kila kiungo, anaacha presha imesimama. Oksijeni isitumike hata kidogo. Ikikutana na mafuta ya kompresa chini ya presha, inalipuka.
2. Filta mpya anayo? Bomba likifunguliwa, unyevu unaingia. Filta ya zamani imeshajaa. Unyevu huganda kwenye ncha ya kapilari na kuziba, friji inakuwa ya kuwaka na kuzima bila mpangilio.
3. Atavuta hewa kwa pampu ya vakiumu, angalau dakika 30? Kompresa ya friji ya zamani iliyofungwa mpira haitoshi.
4. Mizani yake iko wapi? R600a ya gramu 45 haipimwi kwa sikio. Gramu kumi zaidi ni karibu robo ya ujazo wote.

Gesi iwe ileile ya kwenye kibandiko. Kompresa ya R600a na ya R134a hutumia mafuta tofauti, na kuchanganya ni kuua. Kuna wanaojaza gesi ya kupikia. Presha yake si ya mfumo huo, na unabaki na mtungi uliofichwa ukutani. Kwa R600a, milango ya nyumba iwe wazi, jiko limezimwa, na hakuna moto wa kuchomelea hadi gesi yote ya zamani imetolewa nje.

Akikosa jibu kwa swali la kwanza na la nne, mpe nauli na umuage.

## Hatua ya 10: Mahali pa kusimama

Kuna matundu mawili yasiyofaa kufukuzia. La kwanza ni lile lililo ndani ya ukuta wa povu. La pili ni la bomba la chuma linalozunguka fremu ya mlango kuzuia umande. Hili huliwa na kutu kimya kimya, dalili yake ni presha kushuka huku viungo vyote vya nje vikiwa havitoi povu. Fundi mzuri anaweza kulikata bomba hilo la fremu nje ya mzunguko, fremu ikabaki kutoa jasho msimu wa masika. Tundu la bamba ndani ya povu halina njia hiyo.

Kompresa iliyoungua kwenye friji ya miaka zaidi ya 10: ukiongeza kompresa, filta, gesi na ufundi, ukapata zaidi ya nusu ya bei uliyonunulia, acha.

Iuze kwa fundi kama spea, kwa sababu raba, feni, rafu na taima zina soko. Ikibaki nyumbani kama ghala la unga au la nguo, ng'oa kifungio au mlango wenyewe siku hiyohiyo. Mtoto akijificha ndani na mlango ukajifunga, raba ile ile uliyoipima kwa karatasi haipitishi hewa.